Rufaa unayoiacha kabla ya kuijua adhabu: makubaliano ya kukiri kosa katika mahakama za shirikisho za Marekani

Anayezijua sheria za Kenya au Tanzania huenda akadhani kwamba mshtakiwa akikiri kosa kwa makubaliano, bado anaweza kulalamikia adhabu. Katika nchi hizo mbili ndivyo ilivyo: rufaa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu hubaki. Katika mahakama za shirikisho za Marekani mambo ni tofauti. Hati anayowekewa mshtakiwa mezani mara nyingi huwa na kifungu kinachomtaka aache hata rufaa dhidi ya adhabu, naye hukitia saini wakati hakuna ajuaye atafungwa muda gani.

Uzito wa jambo upo hapo. Mshtakiwa akishakiri, ofisa wa probesheni huandaa ripoti, jaji hupiga hesabu kwa kufuata Mwongozo wa Adhabu (kanuni za shirikisho zinazogeuza uzito wa kosa na historia ya mshtakiwa kuwa alama za kukadiria kifungo), na adhabu hutamkwa wiki au miezi kadhaa baadaye. Hesabu hiyo inaweza kukosewa. Uzito wa dawa za kulevya ukizidishwa, hasara ikikadiriwa vibaya, au hukumu ya zamani ikipewa alama isizostahili, kifungo kinarefuka. Kwa kawaida makosa ya namna hiyo husahihishwa na mahakama ya rufaa. Aliyesaini kifungu kipana anaweza kuyaona makosa hayo waziwazi na asisikilizwe.

Kwa nini mahakama zinakubali utaratibu huu? Jibu lao ni kwamba haki ya kukata rufaa dhidi ya adhabu ilitolewa na sheria ya Bunge ya mwaka 1984, haimo katika Katiba, na hata haki za kikatiba mtu anaweza kuziacha kwa hiari yake akijua anachofanya. Upande wa mashtaka unataka kesi iishe moja kwa moja. Mshtakiwa naye hupata kitu: shtaka moja badala ya matano, au pendekezo la adhabu nafuu. Wala si suala la wachache, kwani mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba takriban asilimia 97 ya hukumu za hatia za shirikisho hutokana na watu kukiri.

Kwa maoni yangu, kifungu kisicho na kikomo chochote ni biashara mbaya kwa mshtakiwa, na wakili anapaswa kukipigania kabla ya siku ya kukiri. Inawezekana kuandika, kwa mfano, kwamba rufaa inaachwa iwapo tu adhabu haitazidi miezi 60, au haitapita kiwango cha juu cha Mwongozo. Soma pia kama kifungu kinazuia maombi ya baadaye ya kutengua hukumu, maana watu wengi huishia kwenye neno "rufaa" wasiendelee. Kisha uliza kama mwendesha mashtaka naye ameacha haki yake ya kukata rufaa. Mara nyingine hajaiacha.

Tangu mwaka 1999, Kanuni ya 11 ya mashauri ya jinai inamtaka jaji azungumze na mshtakiwa mwenyewe, mahakamani, kuhakikisha anaelewa kifungu hiki. Asiyeelewa Kiingereza vizuri ana haki ya mkalimani. Usijibu "ndiyo" ili mambo yaishe haraka. Jibu hilo linarekodiwa na litasomwa dhidi yako.

Hata hivyo, saini haifuti kila kitu. Bado mtu anaweza kudai kwamba hakukiri kwa hiari, na mahakama za rufaa kwa kawaida husikiliza dai kwamba adhabu imezidi kiwango cha juu kilichowekwa na sheria. Kuhusu wakili aliyefanya kazi yake vibaya, Wizara ya Sheria iliwaelekeza waendesha mashtaka wake mwaka 2014 wasiwatake tena washtakiwa waache dai hilo.

Shauri la Garza dhidi ya Idaho, lililoamuliwa mwaka 2019, lina manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa kawaida. Mshtakiwa alimwagiza wakili wake akate rufaa. Wakili akakataa, akisema haki hiyo ilikwisha achwa kwenye makubaliano. Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili alikosea, na kwamba mteja hahitaji kwanza kuthibitisha kuwa rufaa yake ingeshinda. Kwa hiyo ukitaka rufaa, mwambie wakili wako waziwazi, ikiwezekana kwa maandishi. Katika kesi za jinai za shirikisho, notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu iingizwe kwenye rekodi ya mahakama.

Kabla ya kuipeleka, mwombe wakili akupe hesabu ya hatari zake. Rufaa inayovunja makubaliano inaweza kutupwa bila kusikilizwa, na katika baadhi ya hati inampa mwendesha mashtaka nafasi ya kujitoa na kurudisha mashtaka aliyokuwa ameyaondoa.