Je, wajua kwa nini mcheza tenisi wa 500 duniani huweza kurudi nyumbani na deni?

Jioni moja barazani hapa Shela, Malindi, kijana mmoja alitusomea kwenye simu habari za mcheza tenisi aliye wa 500 duniani. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, akadakia: "Wa mia tano ulimwengu mzima? Basi huyo ana majumba!"

Tukacheka, ila mzee hakuwa mjinga. Mwanakandanda wa kiwango hicho ana mkataba, na mshahara unaingia hata akikaa benchi. Mcheza tenisi hana mwajiri. Yuko kama mzee mwenyewe enzi zake: mafuta ya boti unanunua kwanza, samaki utajua huko mbele.

Tupige hesabu. Ngazi ya chini ya mashindano ya kulipwa ya wanaume huitwa M15, maana zawadi zote kwa jumla ni dola 15,000. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja huingia wachezaji 32. Bingwa, baada ya kushinda mechi tano, miaka ya karibuni amekuwa akipewa dola 2,160 kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza, na hao ni nusu nzima, huondoka na dola 156, kama shilingi 20,000 za Kenya. Nauli ya ndege peke yake imeshazimeza. Bado kula, bado kuwamba raketi, kwani nyuzi zake hukatika kama kamba za kitanda cha watoto watundu.

Lakini lililonivutia zaidi ni suala la malazi, na hili mtu wa Malindi atalielewa kabla sijamaliza sentensi. Mashindano mengi ya M15 hufanyika wiki baada ya wiki katika miji ya hoteli za ufukweni: Monastir kule Tunisia, Antalya nchini Uturuki, Sharm el-Sheikh kule Misri. Kwa nini huko? Sisi tunajua hoteli ya pwani inavyokuwa mwezi wa Mei: viti vimepinduliwa, wafanyakazi wamepewa likizo. Sasa walete vijana kadhaa wenye raketi, kila mmoja alipie chumba na chakula kwa wiki tatu. Mchezaji anadhani amekwenda kushindana. Kwa mwenye hoteli, yeye ni mgeni kama wageni wengine. Sisemi ni dhuluma, biashara ni biashara, ila hapo ndipo zile dola 156 zinaporudi zilikotoka.

Basi kwa nini asikae kwao? Pointi, ambazo ndizo humpa nafasi yake katika orodha ya dunia. Bingwa wa M15 hupata 15, na baada ya wiki 52 zinafutika. Ukikaa, unashuka. Na kinachotafutwa kiko juu sana: kila moja ya mashindano makuu manne huchukua wachezaji wa kiume 128, wapatao 104 kati yao kwa nafasi zao katika orodha hiyo. Ukiingia humo, hata ukipigwa siku ya kwanza umeokoka. Wimbledon ya Uingereza, mojawapo ya hayo manne, mwaka 2025 ililipa pauni 66,000 kwa waliotolewa raundi ya kwanza. Tangu 2024 chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ATP, kinawahakikishia kipato cha chini kwa mwaka wachezaji 250 wa juu. Wa 500 hayumo.

Wengi hujikimu kwa kufundisha. Mwingereza Marcus Willis alikuwa hivyo mwaka 2016: wa 772 duniani, akifundisha tenisi kwa pauni 30 kwa saa. Akapenya mechi za mchujo, akaingia Wimbledon, akashinda raundi ya kwanza. Raundi ya pili akakutana na gwiji Roger Federer, akafungwa 6-0, 6-3, 6-4.

Mzee akasikiliza yote, kisha akauliza: "Alilipwa ngapi?"

Takriban pauni 50,000.

"Kwa kufungwa?"