Je, wajua kwa nini kioo cha nyaya za fayba, zile zinazobeba intaneti kwa mwanga, hutengenezwa kwa gesi, si kwa mchanga?

Kitazame kioo cha dirisha kwa ubavuni: kina rangi ya kijani. Kijani hicho kinatokana na chuma kilichokuwa ndani ya mchanga ulioyeyushwa. Kwa kioo cha milimita 4 hakina madhara, kwa kuwa mwanga unapita na kutokeza upande wa pili mara moja. Ndani ya fayba, mwanga huohuo unapaswa kuvuka makumi ya kilomita za kioo, na kwa umbali huo hata chembe chache za chuma katika kila bilioni zinatosha kuuzima.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo ndani ya kioo, wala si kioo chenyewe. Waliweka lengo la upotevu usiozidi desibeli 20 kwa kilomita, yaani kubaki na mwanga asilimia 1 baada ya kilomita moja. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ilifikia 17. Fayba ya leo hupoteza takriban 0.2 tu, na nusu ya mwanga bado ipo baada ya kilomita 15.

Hakuna namna ya kuosha mchanga ukafikia usafi huo. Kiwandani huanza na kimiminika kiitwacho silikoni tetrakloridi, ambacho huchemka kwenye nyuzi joto 58 hivi za Selsiasi. Kloridi ya chuma huhitaji zaidi ya 300. Oksijeni ikipitishwa ndani ya kimiminika hicho, hubeba mvuke wa silikoni na kuuacha uchafu wa metali kwenye chombo. Hapo ndipo sehemu kubwa ya usafi inapopatikana, na sioni hatua nyingine yenye akili zaidi katika kazi hii nzima.

Mvuke huo huingizwa ndani ya bomba la kioo safi linalozunguka polepole juu ya mashine inayofanana na ya kukereza vyuma, huku moto ukitembea chini yake. Silikoni huungana na oksijeni, hugeuka masizi meupe, masizi hushika kwenye ukuta wa bomba, na moto ukipita hapo huyayeyusha kuwa tabaka jembamba la kioo. Kazi hurudiwa tabaka kwa tabaka. Kwa tabaka za mwisho huongezwa jerimaniamu kidogo, ili mwanga uende polepole zaidi katikati kuliko pembeni. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja, lakini ndiyo inayourudisha mwanga ndani kila unapogusa mpaka wa kiini. Kisha joto huongezwa, bomba hujifumba, na linabaki gogo la kioo lisilo na tundu.

Gogo hutundikwa juu ya mnara, ncha yake ikiwa ndani ya tanuri la nyuzi joto 2,000 hivi. Kioo hulainika, tone huanguka likivuta uzi nyuma yake, na uzi huo ndio fayba: unene wa mikroni 125 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kiini chake mikroni 9 hivi. Gogo lenye kipenyo cha milimita 125 na urefu wa mita 1 hutoa kilomita 1,000 za uzi. Leza hupima unene muda wote. Uzi ukinenepa, mashine huvuta haraka zaidi, ukikonda, hupunguza mwendo.

Mnara unakuwa mrefu kwa sababu uzi lazima upoe kabla ya kupakwa plastiki ya akrileti, la sivyo plastiki haishiki sawasawa. Na lazima upakwe kabla haujagusa kitu chochote. Kioo kitupu kikigusa gurudumu hupata mkwaruzo usioonekana kwa macho, unyevu wa hewa huuingia, na ufa hukua taratibu hadi uzi ukatike. Hupakwa tabaka mbili: laini ndani ili kumeza misukosuko, ngumu nje. Baadaye uzi wote hunyooshwa kwa asilimia 1 hivi, ili penye udhaifu pakatike kiwandani badala ya ardhini.

Kwenye kebo ya nje, nyuzi hulazwa ndani ya mirija yenye jeli ya kuzuia maji, zikiwa ndefu kidogo kuliko mirija yenyewe. Kebo ikivutwa, mzigo hubebwa na fimbo ya katikati na nyuzi imara za sintetiki ziitwazo aramidi, na kioo hubaki kimelegea. Ganda la nje ni polietilini nyeusi. Weusi huo ni kaboni inayokinga jua.

Kisichosameheka ni kuikunja mno. Wakati wa kuivuta, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 20 ya unene wa kebo. Ikishatulia, mara 10. Fundi akishuku mkunjo, hupima kwa mwanga wa mawimbi ya urefu wa aina mbili, nanomita 1310 na 1550. Upotevu ukiwa mkubwa kwenye 1550 na mdogo kwenye 1310, atafute penye mkunjo. Ukikaribia kulingana kwenye yote mawili, aanze kwa kukagua kiungo na kusafisha kichwa cha konekta.