Siku Moja Athens: Sanamu Hazikuwa Nyeupe, na Hekalu Halikuangushwa na Uzee

Mtu akisema anakwenda Athens kuona magofu, kichwani huwa na picha moja: marumaru nyeupe juani, nguzo zilizonyooka, sanamu zenye macho matupu. Nami nilipanda kilima cha Akropoli na picha hiyohiyo. Nilipoteleza mara mbili kabla ya kufika juu, nilielewa kwamba hata mawe ya njia siyajui: yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanang'aa. Vaa raba.

Dhana: Parthenon, hekalu kuu la kilimani, ilichakaa tu kwa miaka.

Hesabu inashawishi. Hekalu lilijengwa kati ya 447 na 432 KK, kwa hiyo lina haki ya kuchoka. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu mbili lilikuwa bado limesimama na linatumika. Liligeuzwa kanisa, baadaye likawa msikiti chini ya Waturuki wa Uthmania. Lililolivunja ni baruti. Septemba 1687 jeshi la Venice liliuzingira mji, na Waturuki walikuwa wameweka shehena ya baruti humo ndani. Kombora moja likaangukia humo. Nguzo za katikati, pande zote mbili ndefu, zikalala chini. Za kaskazini unazoziona leo zilisimamishwa upya karne ya 20.

Na wakarabati nao waliacha kovu. Mafundi wa kale waliunganisha mawe kwa vibanio vya chuma, wakavimiminia madini ya risasi ili visishike kutu. Waliokuja kukarabati mwanzoni mwa karne ya 20 waliweka chuma kitupu. Kikashika kutu, kikavimba, kikapasua marumaru. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wageni wamerudi nyumbani na picha zenye winchi na majukwaa ya mafundi: vile vyuma vilikuwa vinatolewa, vinawekwa vya titani. Usikasirike picha yako ikiharibika.

Dhana: kila mstari umenyooka.

Simama kwenye kona, inama, tazama ngazi ya juu kwa urefu wake. Imebinuka katikati, kiasi cha sentimita 11 kwenye upande mrefu wa mita 69 na ushee. Nguzo zimetuna kidogo tumboni na zimeegemea ndani. Yote kwa makusudi.

Dhana: waumini walijaa ndani kusali.

Wanyama wa sadaka walichinjwa nje, kwenye madhabahu. Ndani alikaa Athena mwenyewe, mungu wa kike wa mji, sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu iliyosimamiwa na mchongaji Pheidias, yenye kimo cha kama mita 12. Haipo tena.

Dhana: Wagiriki walipenda sanamu nyeupe.

Hii ndiyo iliyonishika zaidi, maana jibu lake liko chini ya kilima, kwenye Makumbusho ya Akropoli, na watu wanalipita wakikimbilia mgahawa wa juu. Tafuta msichana mmoja wa marumaru wa takriban 530 KK, anaitwa Kore wa Peplos. Msogelee. Nywele zake bado zina wekundu, macho yana rangi, na kwenye vazi yamebaki mabaki ya nakshi. Yeye na wenzake walinusurika kwa bahati ya msiba: Waajemi waliivunja Akropoli mwaka 480 KK, Waathene wakazika sanamu zilizovunjwa, na udongo ukatunza rangi hadi zilipofukuliwa karne ya 19. Zilizobaki nje zilioshwa na mvua na jua.

Nyingine zilioshwa na binadamu. Sanamu za Parthenon alizozichukua Lord Elgin, balozi wa Uingereza, zikanunuliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1816, zilikwanguliwa London miaka ya 1930 kwa vifaa vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi, jinsi mfadhili wa ukumbi mpya wa makumbusho alivyotaka ziwe. Hata hivyo, mwaka 2009 vipimo vilionyesha chembe za rangi ya buluu zilizonusurika.

Dhana: wale wanawake sita wa mawe wa Erechtheion, hekalu la jirani, ndio wenyewe.

Wanaobeba paa kule juu ni nakala. Watano halisi wako makumbushoni, ambako unaweza kuwazunguka na kuona misuko minene ya nywele mgongoni, kila mmoja na wake. Wa sita yuko London. Nafasi yake makumbushoni imeachwa wazi.

Dhana: sanamu kubwa za Kigiriki zilikuwa za marumaru.

Nyingi zilizosifiwa zilikuwa za shaba nyeusi, zikayeyushwa baadaye kwa ajili ya madini yake. Tunazijua kwa nakala za marumaru walizochonga Warumi. Zilizopona ziliokolewa zaidi na bahari. Ukiwa na saa mbili za ziada, nenda Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ukamwone mwanamume wa mita 2.09 aliyetolewa majini karibu na rasi ya Artemision miaka ya 1920. Amepanua mikono, kisigino cha mguu wa nyuma kimenyanyuka, yuko tayari kurusha. Wengine humwita Poseidon, mungu wa bahari, wengine Zeus, mungu wa radi. Wanaosema Zeus wana hoja nzuri: mkuki mrefu wa meno matatu ungemkatiza usoni, radi isingemkatiza. Kiganja cha kulia ki tupu, alichokishika hakikuonekana.