Je, Wajua Jinsi Ufaulu wa Wanafunzi wa Nchi Mbalimbali Unavyolinganishwa?

Kila nchi ina mtaala wake, lugha yake ya kufundishia na mitihani yake ya taifa, na daraja la kwanza katika nchi moja halina lazima ya kuwa na uzito sawa na daraja la kwanza kwa jirani. Ndiyo maana matokeo ya mitihani ya taifa hayafai kulinganishwa moja kwa moja, na ikabidi utungwe upimaji wa pamoja.

Unaojulikana zaidi ni PISA, unaoendeshwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) tangu mwaka 2000. Hupima vijana wa umri wa miaka 15, kuanzia walio darasa la saba na kuendelea, katika kusoma, hisabati na sayansi, na maswali yake hutazama zaidi uwezo wa kutumia maarifa kuliko kukumbuka yaliyokaririwa. Upo pia TIMSS, ulioanza mwaka 1995, ambao hufuata kwa karibu zaidi yale yanayofundishwa darasani.

Wengi hawajui kwamba katika PISA hakuna mwanafunzi anayejibu maswali yote. Maswali ni mengi mno kwa mtihani wa saa mbili, hivyo hugawanywa katika mafungu, na kila mwanafunzi hupewa baadhi tu, huku mafungu hayo yakipangwa ili yaingiliane. Kutokana na maswali yanayojirudia, wataalamu wa takwimu hukadiria ugumu wa kila swali na uwezo wa kundi zima, na hatimaye matokeo huieleza nchi bila kumpa alama mwanafunzi mmoja mmoja. Kipimo kilipowekwa mara ya kwanza, wastani wa nchi za OECD ulifanywa kuwa 500, na takribani theluthi mbili ya wanafunzi walikuwa kati ya 400 na 600.

Katika awamu ya mwaka 2022, iliyohusisha nchi na maeneo 81 na wanafunzi wapatao 690,000, Singapore iliongoza katika hisabati kwa alama 575, wastani wa OECD ukawa 472, na Kambodia ikapata 336. Pengo la namna hiyo ni kubwa na ni la kweli. Lakini nchi mbili zinapotofautiana kwa alama mbili au tatu, tofauti hiyo inaweza kutokana tu na wanafunzi waliobahatika kuingia katika sampuli, yaani kundi dogo linalochaguliwa kupimwa kwa niaba ya wenzao, na kuitangaza moja kuwa mshindi ni kuwapotosha wasomaji.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kujua nani hakupimwa. Mwaka 2012 Vietnam ilipata 511 katika hisabati na kuipita Marekani iliyopata 481, ingawa ni nchi yenye kipato kidogo zaidi kwa mbali. Mafanikio hayo yanastahili heshima, ila sampuli yake iliwakilisha takribani asilimia 56 tu ya vijana wa miaka 15 nchini humo, kwa kuwa waliobaki wengi walikwisha kuacha shule au walikuwa madarasa ya chini mno. Vilevile alama 591 zilizoandikwa kwa China mwaka 2018 zilitoka Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang pekee, maeneo yenye maendeleo makubwa kuliko sehemu nyingi za nchi hiyo.

Kwa hiyo ulinganisho wenye manufaa zaidi mara nyingi ni wa nchi na historia yake yenyewe. Ufini, ambayo walimu wa dunia nzima walikwenda kujifunza kwake, ilipata 548 katika hisabati mwaka 2006, ikashuka hadi 519 mwaka 2012, 507 mwaka 2018 na 484 mwaka 2022. Kufungwa kwa shule wakati wa janga la UVIKO-19 hakuwezi kueleza mporomoko huo wote, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikwisha kutokea kabla ya janga hilo, huku Singapore, tangu ilipoanza kushiriki mwaka 2009, ikibaki juu ya 560.