Chaja Haina Hatia: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba Inayobana Umeme

Kila nyumba ina askari wake wa swichi. Anapita vyumbani akizima taa, anachomoa chaja, anamgombeza aliyeacha redio ikiimba peke yake. Kisha anaingia bafuni, anafungulia maji ya moto, na ndani ya dakika kumi anateketeza umeme ambao ungechaji simu yake kila siku kwa miezi mitatu.

Askari huyu hana nia mbaya. Shida ni kwamba anafukuzana na kinachoonekana. Taa inawaka, anaiona. Feni inazunguka, anaisikia. Hita ya maji imejibanza ukutani, haina kelele wala mwanga. Ukitaka kujua kinachomaliza umeme nyumbani, uliza swali moja: kazi ya kifaa hiki ni kupasha joto au kupoza? Kama jibu ni ndiyo, anza na hicho. Dhana nyingi hapa chini zinatokana na kulisahau swali hilo.

"Chaja iliyoachwa kwenye soketi inakula umeme"

Inakula, ila kiasi cha kuchekesha. Chaja nyingi za simu za siku hizi, zikiwa hazina simu, huvuta chini ya wati 0.3. Iache hapo mwaka mzima na haifikishi uniti 3. Uniti moja, kwa asiyekumbuka, ni wati 1000 zilizotumika kwa saa moja.

Sasa geukia maji ya kuoga. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, na uniti moja ni kilojuli 3600. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika imemwaga lita 80 katika dakika kumi. Zipandishe nyuzi 20 tu na umeshatumia karibu uniti 1.9. Simu ya kawaida, kutoka sifuri hadi ijae, huchukua takribani uniti 0.02.

Asiyeamini hesabu za karatasini aende kwenye mita. Mita nyingi za kisasa zina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, mara nyingi 1000. Zima kila kitu ndani, halafu washa kifaa kimoja kimoja huku mtu akitazama. Taa ya LED ya wati 9 ikiwa peke yake, kitaa kitapepesa mara moja kila baada ya dakika 6 na sekunde 40. Mtazamaji atachoka na kuondoka. Washa hita ya wati 3000: mipepeso 50 kwa dakika. Sijaona somo la nishati linaloingia kichwani haraka kama hilo, na ni la bure.

Vifaa vingine vinavyosubiri bila kazi havistahili huruma hiyo. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kifaa kilicho katika hali ya kusubiri kisivute zaidi ya wati 1, kwa kuwa televisheni na redio za enzi hizo zilikuwa zikivuta wati kadhaa huku mwenyewe akiamini amezizima. Vipya vingi vimetii. King'amuzi cha zamani au redio kubwa ya spika nyingi bado inaweza kuwa mlafi: kinachovuta wati 10 usiku na mchana humaliza karibu uniti 88 kwa mwaka. Hicho ndicho cha kuchomoa.

"Nimeshabadilisha taa zote, kazi imekwisha"

Kubadilisha taa ni hatua nzuri. Balbu ya zamani ya waya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto, na LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga ule ule wa balbu ya wati 60. Waliobuni LED ya bluu, iliyofungua njia ya mwanga mweupe tunaoutumia leo, yaani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Walistahili.

Ila hapo ndipo wengi hujipa likizo. Wanaongeza taa za mapambo uani na kuziacha hadi alfajiri kwa kuwa "hazili kitu". Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: injini zilivyozidi kuyabana, ndivyo makaa yalivyozidi kuchomwa, maana kuziendesha kulikuwa nafuu na kila mtu alizitaka.

Na ule msemo kwamba kuwasha na kuzima taa kunakula umeme kuliko kuiacha iwake? Si kweli. Msukumo wa kuwasha hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukitoka chumbani, zima.

"Weka kiyoyozi nyuzi 16 chumba kipoe upesi"

Namba ya kwenye rimoti ni mahali pa kusimama, haihusiani na mwendo. Chumba kikiwa cha moto, kiyoyozi kilichowekwa 16 na kilichowekwa 24 vyote huanza kwa kujitahidi. Tofauti ni kwamba cha 16 hakifiki mapema, na kadiri ndani panavyozidi kuwa baridi kuliko nje, ndivyo joto la nje linavyozidi kupenya na kukirudisha kazini.

Dhana hii ina ndugu yake: kwamba ni nafuu kukiacha kikiwaka mchana kutwa kuliko kukizima ukaja kupoza upya. Joto huingia kwa kadiri ya tofauti ya ndani na nje. Chumba kilichoachwa kikapata joto hufika mahali kikaacha kupokea jingine. Kinachopozwa muda wote hupokea muda wote, na kila kinachoingia lazima kitolewe kwa umeme. Unaondoka kwa saa kadhaa? Zima.

Feni nayo haipozi chumba. Inapeperusha hewa juu ya ngozi, jasho linakauka, mtu anapata nafuu. Kwenye chumba kisicho na mtu inazungukia hasara, na mota yake inaongeza joto kidogo. Lakini kwa aliyepo ni hazina: feni ya dari huvuta wati 50 hadi 75 hivi, wakati kiyoyozi cha chumba kinaweza kuvuta wati 1000. Kuwasha vyote viwili, kiyoyozi kikiwa nyuzi mbili tatu juu ya ulivyozoea, ni bora kuliko kukitwika kiyoyozi mzigo wote.

"Kuhami joto ni mambo ya nchi za baridi"

Hii ndiyo naiona ina madhara kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wanunue kiyoyozi kutibu ugonjwa wa paa. Kihami joto hakijui majira. Kazi yake ni kulichelewesha joto lisipite, liwe linatoka au linaingia.

Katika ukanda wa joto, jua la mchana hukaa karibu na utosi, hivyo paa hubeba mzigo mkubwa kuliko ukuta wowote. Bati la rangi iliyokolea linaweza kupita nyuzi 60 mchana, na joto hilo linamiminika chini kwa mnururisho, yaani miale ya joto isiyoonekana. Ndiyo maana mtu anakaa ndani, madirisha wazi, upepo unaingia, na bado anahisi kichwa kinachemka. Panda juu ya stuli saa nane mchana, inua kiganja karibu na dari bila kuigusa. Ukihisi joto linakushukia, usikimbilie kununua kiyoyozi. Shughulika kwanza na kilicho juu ya dari hiyo.

Rangi nyeupe au ya kung'aa juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya miale kabla haijageuka joto. Matundu ya hewa chini ya paa hutoa hewa ya moto iliyonaswa. Kihami joto juu ya dari huzuia kinachobaki. Kuhusu karatasi ya alumini inayong'aa, kuna kosa linalorudiwa sana: hufanya kazi ikiwa na nafasi ya hewa angalau upande mmoja. Ikibanwa kati ya bati na ubao, vikagusana kote, inageuka kuwa njia ya joto, kwa kuwa alumini hupitisha joto vizuri mno. Fundi asiyejua hilo anaibana, mwenye nyumba analipa, halafu anatangazia majirani kwamba vihami joto ni utapeli.

Madirisha yanayotazama mashariki na magharibi ndiyo korofi, kwani jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini na kuingia moja kwa moja. Kipaa kifupi juu ya dirisha hakilizuii, linapita chini yake. Pazia husaidia kiasi, ila jua likishaligusa, joto tayari limevuka kioo. Mti, ukuta wa matundu au luva za nje hulikamata kabla. Kwenye baridi hesabu inageuka upande tu: mwanya ulio chini ya mlango unatoa nje joto lililolipiwa, na kuuziba ni kazi ya alasiri moja.

"Nina sola, umeme ukikatika sina habari"

Inategemea. Mfumo wa sola uliounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa nje, bila betri hujizima gridi inapokatika, hata jua likiwa kali. Umetengenezwa hivyo makusudi, usije ukapeleka umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wanadhani ziko salama. Anayetaka mwanga wakati wa giza anahitaji betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) inayoweza kujitegemea, na wakati wa kuuliza ni kabla ya kulipa.

Wengine wanadhani jua likichoma zaidi, paneli zinazalisha zaidi. Paneli zinataka mwanga, joto linazichosha: zile za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 ya uwezo kwa kila nyuzi inayozidi 25. Ndiyo sababu huinuliwa kidogo kutoka kwenye bati, hewa ipite chini yake. Siku ya mawingu zinazalisha kidogo, lakini zinazalisha. Na uvumi kwamba kuzitengeneza kunakula nishati kuliko zitakayotoa maishani ni wa zamani. Kwa kawaida huirudisha ndani ya miaka 1 hadi 3, nazo hudumu 25 au zaidi.

Ukishakuwa na betri, usizikabidhi hita ya maji ya umeme. Zitakauka kabla ya magharibi. Maji yapashwe na jua lenyewe, kwa hita ya sola ya maji, bila kupitia umeme hata kidogo.

"Programu fupi ya mashine ya kufulia inaokoa umeme"

Mara nyingi ni kinyume. Umeme mwingi wa mashine hiyo huenda kwenye kupasha maji. Kuzungusha pipa ni kazi ndogo. Programu ndefu ya kubana matumizi hutumia maji yenye joto la chini na kuipa sabuni muda wa kufanya kazi yake, kwa hiyo saa tatu zinaweza kula kidogo kuliko dakika arobaini. Nguo za kawaida zifue kwa maji baridi, kisha zianike kambani. Mashine ya kukaushia ni hita nyingine iliyovaa joho la usafi.

"Friji la zamani bado zima, litunze vinywaji"

Friji huwaka saa 24, kwa hiyo lile kuukuu linalowekewa chupa chache ni mpangaji asiyelipa kodi. Kabla ya kulaumu umri, bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikichomoka bila kushika, mpira wa mlango umechoka, na kuubadilisha ni rahisi kuliko kununua jipya. Vuta pia friji mbali kidogo na ukuta. Joto linalotolewa ndani lazima lipate pa kwenda.

"Hakuna moshi, basi hakuna madhara"

Hapa suala si umeme pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini unatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu na huua kwenye chumba kilichofungwa. Gesi ni safi kuliko mkaa, ila nayo hutoa dioksidi ya nitrojeni, gesi inayodhuru mapafu, kwa hiyo dirisha la jikoni liwe wazi. Jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, huingiza kwenye sufuria takribani asilimia 85 ya umeme wake; moto wa gesi, sehemu kubwa hupotelea pembeni mwa sufuria.

"Mimea ya ndani inasafisha hewa"

Ilisafisha hewa ndani ya masanduku yaliyozibwa, kwenye jaribio la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyumbani ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka. Panda kwa kuipenda.

"Nyumba rafiki wa mazingira lazima ijengwe upya"

Utengenezaji wa saruji unachangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, kwa sababu ya tanuru na kwa sababu jiwe la chokaa lenyewe hutoa gesi hiyo linapochomwa. Nyumba iliyosimama imeshalipa deni hilo. Ukiibomoa, unalianza upya, na itachukua miaka mingi ya bili ndogo kulifidia. Paka paa rangi, ziba mianya, weka kivuli upande wa magharibi, badilisha hita.

Anayejenga kiwanja kitupu ana bahati moja ambayo wengine hawana: anaweza kuielekeza nyumba. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi mashariki na magharibi, na madirisha makubwa yasiwekwe upande wa jua la jioni. Mchoraji ramani aambiwe kabla msingi haujachimbwa. Fundi wa sola atakuja baadaye, hata baada ya miaka mitano.