Kitunguu saumu kwenye chakula cha sato: kipimo, wakati, na matawi ya mwarobaini

Majani ya mwarobaini hayatupwi bwawani. Naanza na hilo kwa sababu hapa Dodoma mwarobaini uko kila kona, hata vijiwe vya bodaboda viko chini ya kivuli chake, na tumekua tukiambiwa unatibu magonjwa arobaini. Mfugaji mmoja wa upande wa Hombolo alinipigia simu alfajiri: "Mtaalamu, samaki wanahema juujuu." Sato wake walikuwa na vidonda, basi siku tatu nyuma alikata matawi mazima akayatumbukiza majini. Majani yakaanza kuoza, na kinachooza hula oksijeni. Tena mwarobaini una azadiraktini, kile kiini kinachoua wadudu shambani, na kikizidi majini samaki naye hasalimiki. Tulivuta matawi, tukaingiza maji mapya, lakini waliokufa walikuwa wameshakufa.

Kazi yangu ni lishe ya samaki na mimea naitumia sana. Ninachokataa ni kuigeuza dawa ya samaki anayekata roho. Mmea huingia kwenye chakula, kwa kipimo, samaki akiwa bado mzima. Samaki akiugua, kitu cha kwanza anachoacha ni kula. Sasa hiyo dawa iliyo kwenye chakula itamfikiaje?

Kinga ya sato kwa sehemu kubwa ni ile aliyozaliwa nayo: ute wa ngozi, vimeng'enya vinavyopasua bakteria, seli nyeupe zinazomeza vijidudu. Kitunguu saumu, mlonge, tangawizi na mshubiri vina viini vinavyoichangamsha kinga hiyo. Katika majaribio mengi, sato waliokula chakula chenye kitunguu saumu kwa wiki kadhaa, kisha wakaambukizwa bakteria wa Aeromonas kwa makusudi, wamekufa wachache kuliko wenzao waliokula chakula kitupu. Hamu ya mimea ilipanda zaidi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo, Januari 2006. Kwetu sababu iko karibu zaidi: antibayotiki ni ghali, na zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea.

Nikae kwenye kitunguu saumu, maana ndicho kinachoharibiwa sana jikoni. Punje nzima ya kitunguu saumu haina alisini, kile kiini chenye harufu kali tunachokitafuta. Ina malighafi yake na kimeng'enya, kila kimoja chumba chake. Ukiponda ndipo vinakutana na ile harufu kali inatoka. Kwa hiyo ponda, acha dakika kumi, ndipo uchanganye. Ukikichemsha kabla ya kuponda, moto unaua kimeng'enya na unabaki na mchuzi. Najua kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilichemsha ndoo nzima, nikalisha mwezi mzima, nikashangaa mbona hakuna tofauti.

Hesabu yake haina ugumu. Una sato 1,000, kila mmoja gramu 100: hao ni kilo 100 za samaki. Ukilisha asilimia 3 ya uzito wao, unahitaji kilo 3 za chakula kwa siku. Mimi natumia gramu 20 za kitunguu kibichi kwa kila kilo ya chakula, basi ni gramu 60. Pima kwa mizani ya jikoni, maana kiganja cha mtu na mtu ni tofauti. Changanya na maji kidogo, nyunyizia punje za chakula, zianike kivulini, halafu zipake mafuta ya alizeti kwa juu ili viini visiyeyukie bwawani kabla samaki hajafungua mdomo. Alizeti hatuna shida nayo huku. Mama mmoja wa Chamwino yeye aliniuliza kwa nini asitumie mlenda. Nilicheka, kisha nikajaribu: unga wa mlenda mkavu ukikorogwa na maji unashika punje barabara. Siku hizi ndio ninaowaelekeza wasiotaka gharama ya mafuta.

Mlonge una matumizi mawili yanayochanganywa. Kama kiongeza kinga, unga kidogo wa majani unatosha, gramu 10 hadi 15 kwa kilo. Wapo wanaoutaka uchukue nafasi ya dagaa kwa sababu robo hivi ya uzito wa majani makavu ni protini. Tatizo ni tanini, saponini na faitati zilizomo, viini vya mmea vinavyomzuia samaki kufaidi chakula. Ukizidisha, samaki anakula vizuri na hakui. Majani yaanikwe kivulini. Ya juani hupauka na vitamini A inaondoka na ile rangi. Tangawizi na mshubiri sina mengi ya kusema, vinafaa, ila kitunguu ni rahisi kupata.

Wakati nao una maana yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji ya bwawa dogo hupoa sana. Yakishuka chini ya nyuzi 20 sato anakula kwa kuvizia na kinga inalegea. Ukisubiri baridi ndipo uanze kulisha kitunguu, umechelewa. Naanza katikati ya Mei, nalisha wiki tatu, napumzika. Vilevile wiki mbili kabla ya kuhamisha vifaranga au kuchagua samaki kwa ukubwa. Kulisha mwaka mzima bila kupumzika sishauri: kinga inayosukumwa kila siku huacha kuitika, na pesa yako inaishia majini.

Ukiwa na mabwawa mawili, moja liache bila mmea wowote, upate cha kulinganisha. Samaki wa umri mmoja, chakula kilekile, maji yaleyale. Kila baada ya wiki mbili vua kumi kila upande, wapime, uandike na waliokufa. Mfugaji mmoja wa Ihumwa aligombana na mumewe kwa ajili ya hilo bwawa la pili. Mzee alidai samaki wanaonewa. Daftari bado analo, na msimu huu ni mzee anayeshika mizani.