Breki ya diski ikilia, usiitie mafuta
Huku Mtwara ushauri huu ni wa siku nyingi: breki ya baiskeli ikipiga kelele, itie mafuta kidogo. Kwa breki ya diski, yaani ile ya pedi zinazobana sahani ya chuma (diski) kwenye gurudumu, ni hatari. Kelele hukoma kweli, lakini pedi hufyonza mafuta, na ukishuka mteremko wa Newala na gunia la korosho nyuma, breki haishiki. Pedi iliyolowa mafuta ibadilishwe tu. Diski ifute kwa spiriti na kitambaa safi, usiiguse kwa vidole. Kisha, ili pedi zikae sawa na diski, legeza boliti mbili za kalipa (kifaa kinachoshika pedi), bana breki, zikaze ukiwa bado umeibana. Pedi za resini hazina kelele sana. Za chuma hudumu zaidi kwenye mchanga na tope, ila kagua diski kwanza, nyingine hukubali resini tu.